Dawa za Watu Wawili

Kabla ya kuja kuendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Idete, Melkiori alikuwa mkata miwa upande wa Kidatu. Alikwenda huko kijana wa Kipogoro mwenye panga na shati la kuazima, akalala kambini na vijana wenzake, na kabla msimu haujaisha akaugua kisonono. Usaha ulimtoka, na mkojo ulimchoma hata akawa anaegemea ukuta kila akienda haja. Wenzake walicheka. Walimwambia kwamba mwanaume ambaye hajaupata ugonjwa ule bado hajatoka nyumbani kwa mama yake. Kisha wakampeleka kwa mtu aliyekuwa akizunguka kambini na sindano ndani ya kopo la maziwa. Mtu yule aliichemsha sindano mbele yake, akamdunga, akapokea chake, akaenda zake. Baada ya siku chache usaha ukakoma.

Haukukoma kabisa. Asubuhi, kabla hajakojoa, lilikuwa linabaki tone jeupe, jepesi kama maji yaliyooshewa mchele, na mwasho kidogo. Melkiori aliliona karibu kila asubuhi na hakulihesabu kuwa kitu. Alisema ni baridi ya kulala chini.

Alirudi bondeni akiwa na fedha za kutosha kuoa. Mwaka 1994 akafunga ndoa kigangoni na Ursula, binti wa Mzee Gaudensi, mvuvi wa Kivukoni kando ya mto Kilombero. Melkiori alikuwa mtu wa maneno machache. Ursula aliyasema ya wote wawili. Aliweza kukusimulia jinsi kambale alivyomponyoka baba yake mpaka ukadhani kambale yule ana jina na ukoo. Alisuka mikeka vizuri, na alipokuwa akisuka alicheka peke yake akikumbuka jambo. Majirani wa Idete walipenda kuketi naye.

Mwaka haukuisha kabla tumbo halijaanza kumuuma. Lilimuuma chini ya kitovu, likamuuma zaidi alipokuwa na mumewe, na nguo zake zikawa zinalowa uchafu ambao hakuuzoea. Alimweleza mama mkwe wake, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza pale.

"Tumbo la mwanamke halikosi neno," mama mkwe akamwambia, akamchemshia mizizi.

Ursula alikunywa mizizi. Mimba haikuja. Mama mkwe akabadilisha mizizi, na baadaye akabadilisha na sauti aliyomsemesha nayo. Melkiori mwenyewe hakuwa mbaya siku hizo. Ursula alipolala kwa maumivu, yeye alichota maji kisimani mchana kweupe, wanaume wenzake wakimtazama, na hakujali.

Mwaka 1996 mpunga ulikubali sana. Kama ilivyo desturi ya bondeni, Ursula alihamia shambani kulinda ndege na nguruwe, akaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mpunga. Melkiori alibaki na mashine kijijini, akawa anakwenda kwa baiskeli mwisho wa juma. Ng'ambo ya shamba lao walikuwa wamehamia Wasukuma, Sayi na mkewe Minza, pamoja na ng'ombe wao. Minza alikuwa akimletea Ursula maziwa kwenye kibuyu na kuondoka na mchele. Sayi alifika pale dunguni mara moja tu, akitafuta ndama aliyepotea, akaelekezwa, akaenda. Watu waliokuwa wakipita kwenye tuta la shamba walimwona, wakalisema kijijini.

Mpunga ulipokaribia kuvunwa, Melkiori aliamka akaona kaptura yake imechafuka mbele. Alipokojoa akasikia moto ule wa kambini, ingawa haukuwa mkali kama wa kwanza. Akakaa kitandani akafikiri. Tangu siku ya ndoa hakuwa amelala na mwanamke mwingine. Hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliompoteza. Kama si yeye, basi ni mkewe. Akamkumbuka Msukuma aliyetajwa na wapita njia.

Alifika shambani jua likiwa limepanda. Akamwita Ursula kutoka chini ya dungu.

"Shuka, njoo uone."

Ursula alishuka ngazi akicheka, akidhani ameletewa kitu kutoka kijijini. Melkiori akashusha suruali.

"Nini hicho? Umeumia?" Ursula akauliza.

"Nani?"

"Nani nini?"

"Nakuuliza nani, Ursula."

Ursula hakuelewa anachoulizwa. Kuzunguka shamba lile kulikuwa na kamba ndefu yenye makopo, ukiivuta makopo yanalia na ndege wanaruka. Melkiori akaikata kamba ile, akaikunja mara mbili pamoja na makopo yake, akaanza kumpiga nayo. Kila pigo lililia. Waliokuwa mashamba ya jirani walisikia makopo, wakaona ndege wakiruka, wakasema mke wa Melki leo ana bidii. Hakuna aliyekuja.

Alimpiga mgongoni, akampiga mikononi alipojikinga. Kila mara aliuliza lile lile, nani. Ursula aliapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake aliyekufa. Haikusaidia. Mwishowe Melkiori akauliza kwa namna nyingine.

"Ni yule Msukuma?"

Ursula aliona kwamba swali lile lilikuwa na jibu fupi.

"Ndiyo," akasema.

Kipigo kikakoma.

Habari ilifika kijijini kabla ya baiskeli yao. Vijana wa Idete, ambao tangu zamani hawakuwapenda ng'ombe wanaokanyaga mpunga, walipata sababu waliyokuwa wakiitafuta. Walikwenda malishoni kwa Sayi wakawakata ng'ombe wake mishipa ya miguu, wakawaacha wakijikokota kwenye majani. Sayi hakujua kosa lake mpaka alipoambiwa, na alipoambiwa alidhani wanatania. Siku ya pili alihama na mifugo iliyobaki. Minza alipita na mizigo yake karibu na shamba la Ursula, akaangalia kama rafiki yake yupo, akaona dungu tupu. Hakuna aliyemuuliza Minza chochote.

Melkiori alimchukua kaka yake mkubwa, Anselim, wakamrudisha Ursula kwao Kivukoni. Mzee Gaudensi aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, akatuma watu wakawaletee chai. Anselim akaeleza. Alieleza kwa utaratibu, bila kuficha ugonjwa wala mahali ulipo. Wanawake wa nyumba ile walisimama mlangoni wakasikia yote. Ursula aliketi chini, mikono yake imevimba, amefungwa kitambaa.

"Ulikiri au hukukiri?" baba yake akamuuliza.

"Nilikiri, baba, lakini alikuwa ana..."

"Nimekuuliza neno moja."

"Nilikiri."

"Basi."

Mzee Gaudensi akawageukia wageni akaomba radhi kwa niaba ya ukoo. Akataja habari ya kurudisha mahari. Melkiori, ambaye hakuwa amesema tangu aketi, ndipo akasema.

"Mahari kaeni nayo, baba. Mtamnunulia dawa."

Maneno hayo yalienea Kivukoni kote. Watu waliyarudia kwenye mitumbwi kama utani, na wengine wakamwita Ursula kwa jina hilo, Mnunulieni Dawa. Shangazi zake walimtengea sahani na kikombe. Alilala jikoni. Hata hivyo, dawa yenyewe hakuna aliyemnunulia.

Melkiori alidhani akishamrudisha mke, ugonjwa utaondoka naye. Haukuondoka. Alijaribu mizizi ya mama yake, halafu vidonge vya rangi mbili vilivyouzwa mnadani, akameza viwili vitatu akaacha. Maumivu yakapungua, yakarudi. Ndipo alipopanda baiskeli akaenda Ifakara, kwenye zahanati iliyoko nyuma ya soko, ambayo vijana walisema haina makelele.

Aliyemhudumia aliitwa Nickolaus, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, mpole wa sauti na asiye na haraka.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Funga mlango, kaa, unieleze."

Melkiori alimweleza kinachomsumbua. Nickolaus akavaa mpira mkononi, akamtazama, akambana taratibu kutokea chini kuja mbele mpaka likatoka tone. Akalipaka kwenye kioo, akalikausha juu ya moto mdogo, akalimwagia rangi, akalisuuza. Akamwomba na mkojo. Akainama juu ya hadubini kwa muda mrefu, akimwacha Melkiori anasikiliza kelele za soko.

"Bonde hili kila mtu ana kichocho," akasema bila kuinua uso. "Kwa hiyo lazima kwanza nikitafute. Lakini kichocho hutoa damu, hakitoi usaha, na mayai yake siyaoni. Huu ni mrija wa mkojo umevimba. Seli za usaha zimejaa. Ila wadudu wa kisonono siwaoni. Uliwahi kutibiwa kisonono zamani?"

"Nikiwa kwenye miwa. Nilidungwa sindano."

"Ukapona?"

"Nikapona."

"Asubuhi, kabla hujakojoa, hukuwa unaona kitu? Umajimaji?"

"Tone tu," Melkiori akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kambini."

"Mpaka unaoa?"

"Mpaka sasa."

Nickolaus akainuka, akafuta mikono. Hakuwa akihukumu, alikuwa akieleza kama alivyoeleza wengi.

"Magonjwa haya mara nyingi huja mawili pamoja. Sindano yako iliua kisonono, ikamwacha mwenzake. Huyo wa pili ni mkimya. Anaweza kukaa ndani ya mtu akimwonyesha tone la asubuhi tu, halafu siku moja anaamka. Hadubini hainiambii nani alimwambukiza nani, lakini maneno yako mwenyewe yanatosha. Uliingia na ugonjwa huu kwenye ndoa. Mkeo ana tatizo gani?"

"Tumbo," Melkiori akasema. "La chini."

"Ana mtoto?"

"Hana."

"Basi tusichelewe. Kwa mwanamke unapanda mpaka kwenye mirija ya kizazi, ukikaa sana unaiziba, na mirija ikiziba haizibuki kwa vidonge. Nitakupa dawa za watu wawili. Zako hizi, za mama hizi. Mmeze mpaka ziishe, hata mkijisikia mmepona. Msikutane mpaka wote mmemaliza. Akija mwenyewe nimpime ni bora zaidi. Asipoweza, mpelekee."

Melkiori akapokea pakiti mbili, akaziweka mfuko wa shati, akashukuru.

Alitoka mjini akaielekea barabara ya Kivukoni. Hilo watu waliliona na linasemwa mpaka leo, ingawa waliolisema walidhani alikwenda kutafuta samaki. Alifika mahali ambapo nyumba ya Mzee Gaudensi inaonekana. Akasimama na baiskeli yake kando ya matete. Aliweza kumwona Ursula ameketi nje ya jiko, mbali na wanawake wengine, anapara samaki kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukunyooka vizuri baada ya kile kipigo.

Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Alipomwona, akaona maneno yale yanakwenda mpaka wapi. Akimpa dawa, lazima aseme zimetoka wapi. Akisema zimetoka wapi, lazima aseme daktari kamwambia nini. Mzee Gaudensi angejua, Anselim angejua, Idete ingejua, hata vijana waliowakata ng'ombe wangejua wamewakata kwa kosa la nani. Alisimama mpaka mtoto mmoja wa pale akamwona akamwonyesha kidole. Ndipo akageuza baiskeli.

Nyumbani alimeza dawa zake akazimaliza. Usaha ukakoma, mwasho ukakoma, na kwa mara ya kwanza tangu kambini hakuona tone la asubuhi. Akafurahi. Halafu, ili apone zaidi, akafungua pakiti ya Ursula akameza na hizo.

Ursula alimfuata mwenyewe baada ya mavuno. Alikuja Idete kwa miguu na kikapu cha mpunga kichwani, akapanga foleni mashineni kama wateja wengine. Wanawake wakampisha, si kwa wema. Zamu yake ilipofika, Melkiori alikoboa mpunga wake bila kumtazama, akamrudishia mchele. Ursula hakuondoka. Akangoja mpaka injini imezimwa.

"Sikuja kwa ugomvi," akasema. "Nasikia ulipona."

"Nilipona."

"Mimi tumbo limezidi. Nikitembea linanichoma, na homa haziachi. Niambie tu ulitumia dawa gani, nami niitafute."

Melkiori alikuwa anakung'uta pumba kwenye mkono wa shati.

"Usaha ulikauka wenyewe," akasema.

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

Ursula akamtazama. Alimjua kuwa mtu asiyependa maneno mengi, hivyo hakuona ajabu. Akajitwika mchele wake akaanza safari ya kurudi.

Mvua zilipoanza, alianguka akiwa kisimani. Alilala jikoni akitetemeka, tumbo gumu kama ubao, na shangazi zake wakasema ni malipo. Ni jirani mmoja mvuvi aliyemtia kwenye mtumbwi kwa sababu kelele zake zilimnyima usingizi. Hospitali walimpasua. Walikuta usaha umejaa tumboni, mirija yote miwili imeoza. Wakaiondoa, wakaondoa na kizazi, wakamshona. Alipoweza kuketi, muuguzi mmoja aliyeitwa Rosemery alimweleza hali yake, na kwamba hatazaa.

"Na mumeo ametibiwa?" muuguzi akauliza. "Usije ukarudi nyumbani ukaambukizwa tena."

"Usaha wake ulikauka wenyewe."

"Ukakoma kabisa? Na tumbo lako lilianza mwaka gani?"

Ursula akamtajia.

"Dada, pengine siku hizo alitumia dawa hakukwambia. Na ulikuwa nao muda mrefu sana huu ugonjwa. Huu si wa mwaka jana."

Ursula alilala akitazama dari. Alihesabu kutoka tumbo lilipoanza, wakati ule hajapajua hata mahali dungu litakapojengwa, wala Sayi hajafika bondeni na ng'ombe wake. Akaelewa.

Aliporudi Kivukoni alimwambia baba yake. Alimwambia polepole, kwa mpangilio, kama Anselim alivyoeleza siku ile. Mzee Gaudensi alikuwa anashona wavu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni maneno ya hospitali," akasema.

"Ndiyo ukweli, baba."

"Nimewaomba watu radhi, Ursula. Nimeomba mbele ya ukoo. Sasa unataka niende niseme nini?"

Akaendelea kushona wavu wake. Ursula aliondoka Kivukoni wiki ile ile, akaenda Mang'ula, akapanga chumba karibu na stesheni, akawa anapikia abiria wa treni wali na samaki.

Melkiori alioa tena. Alimwoa Stumai, msichana wa Katindiuka, na Stumai akapata mimba kabla ya msimu kwisha. Mama yake Melkiori alicheza ngoma uwanjani akisema sasa watu wameona tatizo lilikuwa la nani. Mtoto alipopata homa walimpeleka mjini, kwenye zahanati ile ile nyuma ya soko, kwa kuwa nyingine ilikuwa imefungwa siku hiyo. Melkiori alitaka kubaki nje na baiskeli. Nickolaus akamwona dirishani akamkumbuka.

"Karibu ndani, bwana. Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Na huyu ndiye mtoto." Nickolaus akamshika mtoto mkono, akatabasamu. Akawageukia wanaume waliokuwa kwenye benchi wakingoja. "Mnaona? Nawaambia kila siku mtibiwe na wake zenu hamnisikii. Huyu bwana alinisikia. Leo ana mtoto."

Wanaume wakamtazama Melkiori kwa heshima. Mmoja akamsogezea nafasi kwenye benchi. Melkiori akaketi.

Njiani Stumai akamuuliza ni matibabu gani aliyosema daktari.

"Malaria," Melkiori akajibu. "Zamani."



Mwaka 1999 Anselim alisafiri kwa treni, ikakaa Mang'ula muda mrefu. Alishuka kutafuta chakula. Akamkuta Ursula nyuma ya sufuria zake, amekonda, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Hapakuwa na pa kugeukia.

"Shikamoo, shemeji," Ursula akasema.

"Marahaba. Kumbe uko huku."

"Niko huku. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na Melkiori?"

"Yupo. Wana mtoto wa pili sasa. Wa kiume."

Ursula akakoroga mchuzi. "Na mama wa watoto, tumbo halimsumbui?"

"Hapana. Ni mzima kabisa."

"Basi vizuri." Akachukua sahani, akaifuta. "Nikupakulie? Samaki ni wa leo."

Anselim aliitazama sahani, akautazama mkono ulioishika. Alikuwa na njaa tangu asubuhi.

"Nimeshiba, shemeji," akasema.

Akavuka kwenda upande wa pili wa njia, akanunua wali kwa mwanamke mwingine, akala amesimama, mgongo wake ameuelekeza kwa Ursula, mpaka treni ikapiga honi.